Safari ya Mto Dehcho, Uitwao Mackenzie

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Kanada, masafa marefu kupita mashamba ya ngano na miji mikubwa ya nchi hiyo, kuna mto ambao ulimwengu unaujua kwa jina la Mskoti mmoja aliyeusafiri mara moja tu, mwaka 1789, ilhali mataifa yaliyokaa kandokando yake tangu zama za zama, kila moja kwa lugha yake, yalikuwa yamekwisha kuupa jina kabla babu wa babu yake mtu huyo hajazaliwa. Mto wenyewe ni mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani: toka ziwa liitwalo Great Slave hata bahari ya Aktiki ni kilomita 1,738, na ukiuhesabu pamoja na mito ya Peace na Finlay inayouletea maji toka milima ya magharibi, urefu wake hufika kilomita 4,241, na nchi yote ambayo mvua na theluji yake huishia humo ni kilomita za mraba milioni 1.8, yaani karibu Tanzania mbili. Niliusafiri kiangazi, baadhi ya njia kwa gari, baadhi kwa mashua na baadhi kwa ndege, na kilichonipeleka ni majina yake: nilitaka kuyasikia katika vinywa vya wenyewe, na kujua kila jina linaanzia wapi na kukomea wapi.

Mimi ni mtu wa Pangani, na kwetu jambo hili si geni. Mto unaoingia baharini mbele ya mji wetu huitwa Pangani, lakini ukiufuata juu utawakuta watu wanaouita Ruvu, na hakuna mzee hata mmoja niliyemsikia akidai kwamba mmoja kati yao amekosea. Mtu huyaita maji anayoyateka. Ni watengeneza ramani ndio waliotaka mto wote, toka chemchemini hata baharini, uwe na jina moja, nao hawana lawama kwa kutaka hivyo, kwani ramani isiyo na jina haimfikishi msafiri. Lawama yangu ni juu ya jinsi jina hilo moja lilivyochaguliwa.

Ziwa ambamo mto huu hutoka ndilo lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Amerika ya Kaskazini, mita 614, na jina lake katika ramani, likifasiriwa, ni Ziwa Kuu la Watumwa. Nilipoliona limeandikwa kwa herufi kubwa katika kibao cha barabarani nilisimamisha gari. Kwa mtu aliyekulia katika mji ambao misafara ya watumwa ilikuwa ikishukia pwani, neno hilo halipiti machoni hivi hivi. Usuli wake ni huu, kwamba Wakrii, wenyeji waliokuwa na bunduki mapema kwa sababu ya biashara yao na Wazungu, waliwaita kwa neno hilo la dharau majirani zao Wadene, ambao wao walikuwa wakiwashambulia, na wafanya biashara ya ngozi walilichukua neno toka kwa Wakrii, wakalifasiri, wakalitia katika ramani, likakaa. Wadene wa kusini wenyewe huliita Tucho, yaani Maji Makubwa, na mto utokao humo wauita Dehcho, Mto Mkubwa. Haya ni majina ya watu walioona kitu wakakisema kama kilivyo, wala hayamtukani mtu.

Karibu na kijiji cha Fort Providence barabara huuvuka mto juu ya daraja refu lenye kupita kilomita moja, lililofunguliwa Novemba mwaka 2012 na kuitwa, kwa haki kabisa, daraja la Deh Cho. Kabla yake watu walivuka kwa pantoni wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi waliendesha malori yao juu ya barafu. Na baina ya majira hayo mawili, barafu ilipokuwa nyingi mno kwa pantoni na nyembamba mno kwa lori, mji wa Yellowknife ulikaa kwa majuma bila ya njia ya barabara, na bei za vyakula madukani zikipanda. Nilisimama katikati ya daraja nikatazama chini. Maji yalikuwa maangavu, ya rangi ya kijani, yakienda kwa kasi isiyolingana na utulivu wa ziwa yalikotoka.

Uangavu huo haudumu. Katika mji wa Fort Simpson, ambao Wadene huuita Líídlįį Kúę, mahali mito ikutanapo, mto Liard huingia toka milima ya kusini-magharibi ukiwa umejaa matope, na hapo nilipanda mashua ya mzee mmoja wa Kidene aliyekuwa akienda na wajukuu zake kuwazuru jamaa zake huko chini, akanikubalia kufuatana naye kwa sharti la kuchangia petroli. Alizima mashine pale pale kwenye mpaka wa maji. Upande wetu wa kulia mlionekana mawe ya chini. Upande wa kushoto hamkuonekana hata ncha ya kasia. Na mstari uliotenga haya na yale ulikwenda mbele yetu, umepindapinda, hata ukapotea machoni. Mzee alitoa tumbaku mfukoni, akaifikicha vidoleni, akaitia majini kidogo kidogo bila ya kusema neno, na wajukuu wakavua kofia zao. Baadaye nilimwuliza maana yake, naye akanijibu, "Tunapita katika maji ya wenyewe. Mtu akiingia nyumba ya watu hubisha hodi."

Jina la mji huo lina ilimu ndani yake kuliko mgeni anavyodhani. Mto huu hutoka kusini kwenda kaskazini, na kwa hiyo majira ya joto huanzia kwenye chanzo na kuteremka pamoja na maji, huku sehemu za chini zikiwa bado zimeshikwa na barafu. Mwezi wa Mei, Liard, unaotoka nchi yenye joto zaidi, hufurika kwanza, ukaja na maji yake na mapande yake ya barafu ukaugonga mto mkubwa uliolala umeganda, ukauvunja. Na mapande hayo yakikwama mahali, maji hayana pa kwenda ila juu ya kingo. Mei ya mwaka 2021 yalipanda yakaingia Fort Simpson, watu wakahama nyumba zao. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba kwao ni mahali mito ikutanapo amekwisha kuambiwa pia wapi asijenge nyumba. Ama jina la Simpson, lililokuwa la bwana mkubwa wa kampuni ya biashara ya ngozi, halimwambii lolote katika habari hiyo.

Toka ziwani mto huelekea magharibi kwa zaidi ya kilomita 400, na upotofu wa Alexander Mackenzie ulikuwa humo. Alikuwa kijana, mzaliwa wa Stornoway katika visiwa vya Uskoti, mshirika katika biashara ya ngozi, na aliyemtangulia kazini, Peter Pond, alikuwa amechora ramani iliyodhania kwamba mto huo huishia katika bahari ya Pasifiki, kule pwani ya Alaska alikofika nahodha Cook. Aliondoka Fort Chipewyan tarehe 3 Juni mwaka 1789 kwa mitumbwi ya magome ya miti, akifuatana na wapiga makasia wake pamoja na kiongozi wa Kidene ambaye Waingereza walimwita English Chief, na kwa siku chache mto ulimpeleka magharibi kama alivyotaka. Kisha ukafika pale paitwapo sasa Camsell Bend, ukaikuta milima imesimama mbele yake, ukageuka kaskazini. Tulilala usiku mmoja katika kona hiyo, na nikaona wazi jinsi safu ya milima ilivyofunga upande wote wa jua kuchwa. Njiani walikutana na watu wengi waliowaambia habari za mto huu; naye ambaye jina lake limeandikwa juu yake alikuwa hajui mto unakokwenda.

Akaendelea hata mwisho, na katikati ya Julai akafika kisiwa ambapo usiku maji yalijaa yakalowesha mizigo, naye akafahamu kwamba amefika penye kujaa na kupwa. Na watu wake waliwaona nyangumi weupe wakaingia mitumbwini kuwafukuza. Inasimuliwa sana kwamba kwa uchungu wake aliuita Mto wa Kuvunjika Moyo. Katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1801 jina hilo halimo, na wanataarikhi walioipekua habari hiyo hawaitegemei. Mimi naona imependwa kwa kuwa ni hadithi tamu. Jambo lililo kweli lina uzito zaidi. Wafanya biashara waliokuja nyuma yake hawakuuita kwa jina lake. Waliuita Mto Mkubwa, yaani walilichukua jina la Wadene wakalitia katika lugha zao, na Wafaransa waliochanganya damu na wenyeji waliuita Grande Rivière kwa maana ile ile. Ni John Franklin, mwanamaji wa Kiingereza aliyeteremka na mto huu mwaka 1825, ndiye aliyeandika katika kitabu cha safari yake ya pili akitaraji kwamba desturi ya kuuita Mto Mkubwa itaachwa, na kwamba jina la Mackenzie litashikwa na watu wote kwa kumtendea haki marehemu. Kwa hiyo jina la wenyeji halikupotea kwa kutosikika. Lilisikika, likafahamika, likatumika na weupe na wasio weupe kwa muda wa kizazi kizima, kisha likaombwa liondoke. Sina ugomvi na ushujaa wa Mackenzie, kwani kwenda na kurudi kwa makasia katika siku 102 si mchezo. Lakini haki ile ya kumtendea maiti mmoja ilikuwa dhuluma kwa mataifa ya watu walio hai, na sioni sababu ya kuisema kwa maneno laini zaidi ya haya.

Huko Tulita mto Great Bear huingia na maji baridi yasiyo na doa toka ziwa kubwa la mashariki, na juu ya makutano hayo umesimama mlima wa mawe ambao katika ubavu wake mna mabaka matatu mekundu ya mviringo. Mzee wangu alinyosha mkono akanionyesha moja baada ya moja. Ni ngozi za biva, mnyama wa majini mwenye kukata miti kwa meno, lakini biva wa zamani wakubwa mno waliokuwa wakizamisha mitumbwi ya watu, hata alipokuja Yamoria, mtu mwenye nguvu za ajabu, akawafukuza mto mzima, akaua watatu, akawamba ngozi zao juu ya mwamba huo, na nyama akaichoma ukingoni. Na mafuta yaliyodondoka yanawaka mpaka leo. Moto huo upo. Ni tabaka za makaa ya mawe ndani ya ukingo, zinazofuka moshi pasipo kuzimika, na Mackenzie mwenyewe aliuona moshi wake mwaka 1789. Mahali hapa palikuwa pakiitwa Fort Norman mpaka mwaka 1996, wenyewe waliporudisha jina lao, Tulita, pale maji yakutanapo. Na jirani zao wa ziwani walikuwa wamewatangulia mwaka 1993, wakaliondoa jina la Fort Franklin wakarudi kwenye Délı̨nę. Nakiri kwamba nilifurahi kusikia jina la nani limetoka.

Norman Wells sikukaa. Ni mji wa visima vya petroli, vilivyochimbwa toka mwaka 1920, na Wadene waliyajua mafuta yale yanayojitokeza ukingoni kabla ya mtambo wowote kufika. Lakini hapo ndipo niliposikia malalamiko yaliyonifuata hata mwisho wa safari, ya maji kupungua. Nchi hii iliyo nje ya barabara kuu huletewa vitu vizito kwa matishali yanayosukumwa na meli ndogo toka Hay River, petroli, saruji, magari, samani. Na mwaka 2024 mto ulishuka mno hata matishali hayakuweza kufika Tulita, wala hapa, wala Fort Good Hope, ikabidi mizigo iletwe kwa ndege kwa gharama ambayo mtu wa kawaida haimudu. Mzee naye alikuwa akiendesha mashua akiwa amesimama, akisoma rangi ya maji, na mara mbili tatu alitupeleka kando ya ukingo, mbali na katikati nilikodhani ndiko kwenye kina. "Mawe haya nilikuwa nikiyasikia kwa babu yangu," aliniambia, "sasa nayaona."

Kabla ya Fort Good Hope mto hubanwa na majabali ya chokaa yaliyosimama wima pande zote mbili, na humo sauti ya mashine yetu ilirudi mara kwa mara toka kulia na kushoto. Kijiji kiko juu ya ukingo, na kanisa lake dogo la mbao, lililojengwa katika karne ya kumi na tisa, lina michoro ya rangi dari nzima, kazi ya padri Mfaransa Émile Petitot, ambaye pia aliandika kamusi ya lugha za Kidene na kuchora ramani za nchi hii kwa kuwauliza wenyeji. Katika kijiji hiki, mwaka 1975, jaji Thomas Berger alikuja kuwasikiliza watu juu ya bomba la gesi lililokusudiwa kupitishwa katika bonde lote la mto, na chifu Frank T'Seleie, kijana bado, alisimama akasema kwa uwazi kwamba watu wake wako tayari kuilinda ardhi kwa maisha yao. Berger alizunguka kijiji kwa kijiji, na mwaka 1977 akatoa rai kwamba bomba lisijengwe kwa muda wa miaka kumi, mpaka haki za wenyeji juu ya ardhi yao zitakapoamuliwa. Katika miaka hiyo wawindaji walikaa na ramani mezani wakichora kwa mikono yao njia walizopita na mitego yao na makambi yao, na mistari hiyo ilifunika nchi ambayo wengine walikuwa wakiiita tupu. Naona majina ya mahali yalikuwa ushahidi wa namna hiyo hiyo: nchi isiyo na watu haina kona yenye jina.

Hapo niliagana na mzee na wajukuu zake nikapanda ndege kwenda Inuvik. Toka juu, delta haifanani na mto wowote: maji yamegawanyika katika mikono isiyohesabika na maziwa madogo maelfu, misonobari miembamba imekaa juu ya ardhi iliyoganda daima, na jua la saa sita ya usiku lilikuwa likimulika yote. Katika mji huu mna msikiti, wa kimanjano, mdogo, wenye mnara kando yake, na habari yake ni ya mto. Waislamu wa Inuvik, watu wapatao mia, wengi wao toka Sudani na nchi nyingine za Waarabu, walikuwa wakisali katika chumba kisichowatosha. Na kwa kuwa kujenga huko ni ghali kupita kiasi, jamaa wa Winnipeg waliujenga msikiti huko kwao, wakaupakia juu ya lori hata Hay River, na toka hapo ukawekwa juu ya tishali ukateremka mto wote, ukafika Septemba mwaka 2010 kabla maji hayajaganda, safari ya kilomita 4,000 kwa jumla. Nilisali humo. Imamu wa siku hiyo alikuwa dereva wa teksi, Msudani, naye alinieleza kwamba kwa majuma yale ambayo jua halichwi, na yale ya baridi ambayo halichomozi, hufuata saa za mji wa mbali wenye usiku na mchana. Nikamwuliza mto auitaje. Akasema kwa Kiarabu, "Nahri. Mto wangu. Ulituletea msikiti."

Kusini ya Inuvik, kwenye kivuko cha pantoni, kuna kijiji cha Wagwich'in kiitwacho Tsiigehtchic, zamani Arctic Red River, kilichorudishiwa jina lake mwaka 1994. Wao mto mkubwa wauita Nagwichoonjik, mto upitao katika nchi kubwa. Wazee wao na wataalamu wao walifanya kazi ya miaka mingi ya kuandika majina, wakienda na mashua hata kila kona na kila kijito, na mwaka 2013 zaidi ya majina 400 ya Kigwich'in yalikubaliwa rasmi na serikali. Miaka miwili baadaye, 2015, mto wenyewe ulipata haki yake: pamoja na Mackenzie, yaliandikishwa Dehcho ya Wadene wa kusini, Deho ya Wadene wa kaskazini, Nagwichoonjik, Grande Rivière, na Kuukpak ya Wainuvialuit wa pwani. Halikufutwa hata moja. Serikali ilikiri jambo ambalo watu wa Pangani wangaliiambia bure.

Jina hilo la mwisho nililifuata kwa barabara iliyofunguliwa mwaka 2017, toka Inuvik hata Tuktoyaktuk. Miti hukoma njiani, na baada yake ni nyasi na maziwa na vilima vya ajabu vilivyoinuliwa na barafu iliyo ndani yake, kimoja kati yake, Ibyuk, kikifika karibu mita 50. Pwani ile haioti mti hata mmoja, lakini ufukwe umejaa magogo mengi mno, meupe, yamechubuliwa gome, mengine mapana kuliko mikumbatio ya mtu mmoja: ni miti ya misitu ya Dehcho na Liard, iliyong'olewa na barafu kila Mei, ikasukumwa mto mzima na kutupwa baharini. Nilimkuta mama mmoja na wanawe wakiyapakia katika gari la kuburuta, wakichagua yaliyokauka, nami nikashika upande mmoja wa gogo kuwasaidia. Aliniambia kwamba nyumba za wazee wao zilikuwa za udongo na nyasi juu ya nguzo za magogo haya, na kwamba kuni za kukaushia nyama ya nyangumi ni haya haya. Nikamwuliza kama aliwahi kufika huko yanakotoka. Akasema hajafika, ila Kuukpak anaijua vizuri, maana hii hapa, akaligonga gogo kwa kiganja, akawaambia wanawe walete kamba.